Gunia la Mzee Anselme

Siku yangu ya kwanza kazini nilitolewa chumbani kabla hata ya saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeketi mbele ya mgonjwa wangu wa kwanza, mama mmoja aliyepigwa na kiharusi, pale kliniki ya Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nami nilikuwa nazungumza. Nilimuuliza kama amelala vizuri, nikajibu mwenyewe kwamba naona amelala vizuri. Nilimuuliza kama anataka maji, nikamnywesha. Nilijiona hodari sana. Msimamizi wetu, Mnyankore mrefu aliyependa kuegemea mlango, alinitazama mpaka akachoka.

"Nyabo," aliniita kwa heshima ya huku kwao, "wewe unaongea mingi sana. Huyu mgonjwa ataongea saa ngapi?"

"Lakini hawezi kusema, bwana. Ndiyo maana ninamusaidia."

"Toka. Kaa pale kwa benchi. Hesabu mpaka kumi, polepole. Ukimaliza unarudi, unauliza kitu moja, halafu unafunga mdomo."

Nilikaa kwenye benchi nimenuna. Nyumbani, Kivu ya Kusini, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu hutafuta ugali wake kwa kusema. Sasa nilikuwa mkimbizi niliyepata kazi ambayo sharti lake la kwanza lilikuwa kunyamaza. Nilihesabu mpaka kumi, nikarudi, nikamuuliza yule mama kama anaumwa kichwa, nikafunga mdomo. Ilimchukua muda kiasi kwamba nilidhani amelala. Kisha akatikisa kichwa, akashika goti. Alikuwa anaumwa goti. Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za goti tangu augue.

Ninyi mnaoianza kazi hii sasa mna simu zinazosema kwa sauti mkizibonyeza. Nimeziona, ni nzuri, chaji isipoisha. Sisi tulikuwa na karatasi, kalamu na subira, na subira ndiyo iliyokuwa ikiisha upesi kuliko vyote. Nimeombwa nieleze tulivyofanya, basi nitaeleza, ila msitarajie maneno ya kutia moyo. Nimechoka, magoti yangu yameikataa baiskeli, na mengine niliyoyaona bado sijajua niyaweke wapi.

Kwanza mjue kwamba kupoteza usemi si jambo moja. Kuna mtu ambaye koo limekatwa au ulimi umelegea, lakini maneno yote anayo kichwani. Huyo mpe kalamu kama anajua kuandika. Kuna mwingine ambaye kiharusi kimegusa sehemu ya ubongo inayotunza lugha. Hiyo inaitwa afasia. Akili iko, anamjua mwanawe, anajua siku ya misa, lakini akitaka kusema "maji" neno haliji, au linakuja lingine, na kuandika nako kumekwenda. Watu humwona kama mtoto au kichaa. Humpigia kelele, ilhali masikio yake ni mazima. Kwa huyo tulitengeneza ubao wa mawasiliano, yaani karatasi ngumu yenye picha, kila picha ndani ya kisanduku chake, naye anaonyesha kwa kidole anachotaka.

Mafunzo tuliyapata Mbarara, kwa mtaalamu wa usemi, mama mmoja mwembamba aliyetoka Kampala na asiyecheka ovyo. Siku ya tatu alitutuma sokoni tukiwa tumekatazwa kutamka neno lolote mpaka saa sita. Mimi nilitumwa vitunguu. Nilionyesha kwa kidole, muuzaji akanipigia kelele kama vile nimezibwa masikio, akaniwekea nyanya. Nilitikisa kichwa, akaongeza nyanya. Watu walianza kututazama. Nikalipa nyanya, nikaondoka nazo.

"Nilikutuma vitunguu," mtaalamu aliniambia.

"Nilichoka, madamu."

"Vizuri. Uandike hilo. Wagonjwa wako watakubali vitu vingi maishani kwa sababu wamechoka. Mgonjwa akikuitikia kwa kichwa, usimwamini bado. Geuza swali, umuulize upya."

Hilo ndilo tuliloliita swali la kinyume. Ukimuuliza "Unataka kulala?" akaitikia, ngoja kidogo, kisha umuulize "Unataka kukaa?" Akiitikia tena, jua hajajibu lolote, amekuitikia kwa adabu tu.

Baada ya mafunzo nilipangwa Bwizibwera, nje ya Mbarara, miezi kadhaa, nikimsaidia muuguzi aliyewazungukia wagonjwa nyumbani. Huko nilimhudumia mzee wa kukusanya maziwa aliyeondolewa kisanduku cha sauti kooni kwa upasuaji. Alikuwa na kibao cha kuandikia chaki, na hakukitumia kuomba chochote ila kuwatukana waliomletea maziwa yaliyotiwa maji. Niliona kumbe kazi yangu ni nyepesi. Kisha nikarudishwa Nakivale, nikapewa baiskeli na vijiji vya Juru, upande mmoja wa makazi hayo, na huko nikakutana na Mzee Anselme.

Mzee Anselme alikuwa Mrundi, katekista wa miaka mingi, mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu akiwafundisha sala. Kiharusi kilimpata akipalilia mahindi. Mkono wa kulia ulikufa, na usemi ukaenda nao. Alikuwa na mkewe, Mama Goreti, na mtoto wao wa kwanza, Dezire, mwenye mke na watoto watatu, wote katika boma moja. Nilimpelekea ubao tuliopewa ofisini, umefunikwa kwa plastiki, una nembo juu na picha nane: maji, chakula, choo, maumivu, kulala, dawa, ndiyo, hapana. Niliwafundisha kwa saa nzima. Wakashukuru sana, nami nikaondoka nimeridhika. Nilikuwa na nyumba nyingi za kuzungukia na mvua ilikuwa inakuja.

Nilipita tena mara kadhaa, na kila mara Mama Goreti aliniambia, "Tunaendelea vizuri, Mama Riziki. Ubao upo." Sikuuliza zaidi ya hapo.

Kisha Dezire akaamua familia irudi Burundi. Sina neno kwa hilo. Shamba lilikuwa dogo, posho ilipunguzwa na kupunguzwa tena, na mtu ana haki ya kuchoka kuwa mgeni. Walijiandikisha pale Base Camp. Lakini kurudi ni kwa hiari, na kila mtu mzima lazima aulizwe mwenyewe, si kwa mdomo wa mwanawe. Ndipo afisa aliyehusika akaniita.

"Mzee," afisa alimwambia, "wewe unataka kurudi Burundi? Ndiyo ama hapana?"

Mzee Anselme akaitikia kwa kichwa.

"Mnaona," akasema Dezire. "Baba amekubali. Tulishaongea nyumbani."

Nilihesabu kumi. Kisha nikamuuliza kinyume: "Mzee, unataka kubaki hapa Juru?"

Akaitikia kwa kichwa vilevile.

Afisa aliweka kalamu chini. Nikaomba ubao. Mama Goreti akafungua mkoba wa plastiki waliokuja nao, akatoa kadi ya posho, akatoa vyeti vya ubatizo, vya kliniki, vya uandikishaji, na katikati ya makaratasi hayo akautoa ubao wangu. Ulikuwa unang'aa. Haukuwa na alama hata moja ya kidole.

"Tuliutunza," alisema kwa fahari. "Haujapata hata tone la maji."

Sikuweza kumlaumu. Karatasi iliyofunikwa plastiki na yenye nembo, kwa mkimbizi, ni hati. Hati haichezewi, unaificha mbali na mvua na watoto, na unaitoa afisa anapokuuliza. Kwa miezi yote ile Mzee Anselme alikuwa ameketi ukutani pale nyumbani bila sauti, na sauti yake ilikuwa imefungiwa pamoja na cheti chake cha ubatizo. Nilimwekea ubao mbele. Aliutazama, kisha akautazama ukuta.

Afisa alitupa wiki mbili. "Kama mzee hajasema mwenyewe," alisema, "familia yote inangoja." Dezire alinitazama kana kwamba nimemwibia. Wengine waliokuwa na safari ile walikuwa wameshafunga mizigo.

Niliendesha baiskeli mpaka Juru kila siku, na siku tatu za kwanza hazikuzaa kitu. Mzee aliuficha mkono wa kushoto ndani ya koti, hakutaka hata kuugusa ubao. Dezire aliniambia waziwazi, "Mama, mgonjwa haulizwi uji. Anapewa." Watu wetu husema hivyo kwa mapenzi, si kwa ubaya. Lakini yule mzee alikuwa amepewa uji kwa miezi, na sasa walitaka kumpa nchi.

Siku ya nne alikuja jirani kumjulia hali. Akamnyoshea mkono. Mzee Anselme akajaribu kuuinua mkono wake wa kulia kwa msaada wa kushoto, kama Warundi wanavyosalimiana kwa heshima, mkono mmoja ukipeanwa na mwingine ukishika kiwiko. Mkono ukaanguka mapajani. Akajaribu tena, ukaanguka. Akageuza uso. Jirani akangoja kidogo, akaaga. Nje nilimsikia akimwambia Mama Goreti, "Mzee amekuwa mkali siku hizi. Hata salamu hataki."

Nilitoka nikaketi kwenye gogo nje ya boma, nikahesabu mpaka kumi kama siku yangu ya kwanza kazini. Nilijisikia mjinga. Tangu nilipoanza kuja pale nilikuwa nikiingia, namsalimia, najiitikia mwenyewe kwa niaba yake, kisha namtandikia ubao wenye picha nane za kuomba. Mtu mzima, katekista, aanze siku kwa kunyosha mkono wa kushoto aombe choo, hajamsalimu mtu! Hata ombaomba wa sokoni husalimu kwanza. Ubao wetu ulichorwa na watu wenye elimu, nami niliusambaza kijiji kizima, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba hauna salamu.

Mama Goreti alikuwa ameanika maharage juu ya gunia jeupe la unga. Nilimuomba gunia lile. Alinishangaa, lakini akamwaga maharage kwenye ungo akanipa. Nilitoa kalamu ya wino mzito, nikachora juu kabisa, upande wa kushoto, mkono ulionyoshwa na mwingine umeshika kiwiko. Sichori vizuri, ulifanana zaidi na mihogo miwili. Nikalitandika gunia kwenye magoti ya mzee.

"Mzee, unisamehe," nilimwambia. "Nilikuletea ubao ya kuomba tu, haikuwa na fasi ya kusalimia."

Nikafunga mdomo. Nilihesabu kumi, nikahesabu nyingine, nikapita arobaini. Mkono wa kushoto ukatoka ndani ya koti, ukaenda polepole mpaka kwenye ile mihogo yangu, ukatulia pale. Halafu akainua macho akamtazama mkewe.

"Mama Goreti," nilisema, "mzee anakusalimia."

Mama Goreti aliweka ungo chini. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaja, akapiga magoti mbele yake, akamwitikia kwa Kirundi, salamu yote, mpaka habari za kuamka na za nyumbani. Kisha akajifunika uso kwa kitenge akalia.

Baada ya hapo picha nyingine zilikuja zenyewe. Gunia halikuwa hati. Watoto walilikanyaga, kuku walipita juu yake, na mzee alilishika bila woga. Alijifunza ndiyo na hapana kwa siku mbili. Nikaongeza picha ya lori kwa maana ya kurudi, na picha ya nyumba yao kwa maana ya kubaki. Kila siku nilimuuliza, nikageuza swali, nikabadilisha upande wa picha. Na kila siku kidole kilikwenda kwenye nyumba.

Hapa ndipo ninapowaomba vijana mnisikilize. Kanuni ilisema kwamba neno la mgonjwa ni siri ya mgonjwa, na linasemwa naye mwenyewe mbele ya anayehusika. Nilimweleza Msimamizi nilichokiona.

"Nyabo, hiyo si maneno yako," aliniambia. "Wewe beba tu."

Nikabeba. Mama Goreti alikuwa akinipikia chai kila siku, akifunga vyombo vyake kidogokidogo ndani ya shuka, akinisimulia habari za dada zake atakaowakuta Burundi. Nami nilikunywa chai yake nikanyamaza. Ningeweza kumwambia, "Mama, ongeeni na mzee nyumbani kwanza." Kusema hivyo tu kusingevunja siri yoyote. Sikusema, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kunyamaza na nikajivunia kwamba nimejua.

Siku ilipofika tulilitandika gunia mezani kwa afisa. Akauliza, nikageuza, akauliza yeye tena kwa njia yake. Kidole cha Mzee Anselme kilijibu vilevile kila mara. Lori, hapana. Nyumba, ndiyo. Kisha, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemfundisha, alimgusa Dezire begani, akaweka kidole kwenye lori, akaonyesha ndiyo. Yaani, ninyi nendeni. Mimi nabaki.

Dezire alilisogeza gunia karibu zaidi na baba yake.

"Kwa nini, baba?" Dezire aliuliza. "Tumekukosea nini?"

Mzee alilitazama gunia, kisanduku kwa kisanduku, mpaka mwisho. Hakukuwa na picha ya jibu lile. Akafumba macho.

Afisa aliandika. Nje, Mama Goreti alinishika mkono, si kwa upendo.

"Ulimpa mdomo," alisema, "na cha kwanza alichofanya nao ni kutuvunja. Alipokuwa kimya tulikuwa pamoja."

Akaniachia mkono, akamfuata mumewe.

Dezire alipanda lori na mkewe na watoto watatu. Mama Goreti alizifungua shuka zake, akavirudisha vyombo jikoni, akabaki na mumewe. Hakuna aliyemlazimisha, lakini hakuna pia aliyemuuliza upya, na kwa mtu wa kazi yangu hilo ni aibu. Nilikuwa nimejifunza kumuuliza mtu mmoja tu katika nyumba. Mama Goreti alinikataza nisije tena. Mwenzangu ndiye aliyewazungukia. Tukikutana sokoni Base Camp, Mama Goreti alipita kando yangu kana kwamba mimi ni nguzo.

Niliendelea na kazi miaka mingine miwili. Nilipigania kila ubao uanze na salamu, na uchorwe kwenye gunia au kitambaa badala ya plastiki. Mtaalamu aliyetufundisha Mbarara alikubali mara moja, ofisi ilichukua muda mrefu zaidi. Magoti yalipokwisha kabisa niliandika barua ya kustaafu. Wakaninunulia soda, Msimamizi akatoa hotuba fupi, akanikabidhi cheti kilichofunikwa kwa plastiki. Hicho nimekiweka kwenye mkoba wa makaratasi, mahali pake panapostahili.

Mzee Anselme alikufa msimu wa mvua uliopita. Nilikwenda kuzika, nikasimama nyuma. Sikujua kama nina haki ya kukaribia.

Matanga yalipokwisha, Mama Goreti alikuja kwangu kwa miguu kutoka Juru. Hakubisha hodi wala hakunisalimu. Alinikuta nimeketi mlangoni, akaketi kwenye mkeka wangu, akakunjua gunia.

Lilikuwa limechakaa. Maji yalikuwepo, chakula, choo, maumivu, yamefifia kidogo. Lori lilikuwa bado jipya. Nyumba pia. Lakini juu kabisa, upande wa kushoto, nyuzi zilikuwa zimelika na kuachana, na pale ilipokuwa mihogo yangu palikuwa na tundu ambalo ngumi ingepita. Kando ya tundu niliona wino wa rangi tofauti, umechorwa na mkono usio wangu.

"Kisanduku hiki nilikichora tena mara tatu," alisema. "Kilikuwa kinafutika. Halafu gunia lenyewe likatoboka, nikashindwa."

"Alikuwa anasalimia watu mingi?"

"Watu gani? Tulibaki wawili." Alilinyosha gunia kwa kiganja. "Kila asubuhi, mimi. Kabla ya maji, kabla ya uji. Hata siku nilizomkasirikia nisitake kumwangalia, alikuwa anangoja, kidole kiko pale pale, mpaka niitikie. Miaka arobaini ya ndoa, Mama Riziki, alipokuwa na mdomo wake alikuwa anaamka anaenda zake shambani."

Kisha nikamuuliza lile nililoshindwa kulichorea picha. "Alikuambia kwa nini alibaki?"

"Hapana," alisema. "Nilimuuliza sana. Sijui. Na Dezire ananiuliza kwenye simu, na yeye namwambia sijui."

Alilikunja gunia, akaliweka kifuani chini ya kitenge, hakunipa, nami sikuomba. Alipoinuka nilidhani anaondoka kama alivyokuja. Lakini alisimama mbele yangu, akaninyoshea mkono wa kulia, na wa kushoto akashika nao kiwiko. Salamu hutolewa mtu anapofika, si anapoondoka, naye alilijua hilo. Alingoja. Nikasimama, magoti na yote, nikaupokea mkono wake, nikamwitikia.